Nashon Wanjala na Amplifaya Iliyonuka Vitunguu

Kitengela nzima ilimjua Nashon Wanjala kama karani wa stoo kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River: mtu wa shati lililopigwa pasi, anayekusalimia na kupita zake. Kelele hana. Lakini Jumapili mchana, mvalishe gita la besi shingoni uone. Mabega yanashuka, macho yanafumba nusu, mguu wa kulia unaanza kugonga sakafu pole pole, na hapo hata ukimwita kwa jina la babake hasikii.

Aliingia Kitengela mwaka wa tisini na tatu akitoka Malava, wakati mji wenyewe ulikuwa safu mbili za maduka kando ya barabara ya Namanga, na punda milia wanakula nyasi nyuma ya nyumba za watu bila wasiwasi wowote. Alikuja na begi moja na gita lililoviringishwa kwa blanketi. Mkewe Jentrix, mwalimu wa shule ya msingi, alipomfuata na mtoto wao Whitney mgongoni, alisimama mlangoni akaangalia chumba, akaangalia gita, akauliza, "Na kitanda kiko wapi?"

"Kitanda tutanunua."

"Gita ukakumbuka, kitanda ukasahau. Haya, Baba Whitney. Leo tulalie hizo waya."

Sasa, kama wewe si mtu wa muziki, besi ndiyo ile sauti ya chini ambayo huwezi kuiimba ukirudi nyumbani, lakini ikiondolewa unashangaa kwa nini kiuno kimekataa kusonga. Watu husifu mwimbaji. Watu husifu gita la solo, lile linalolia juu juu mpaka wasichana wanapiga kelele. Mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma, na picha ikipigwa unamwona sikio moja tu. Nashon hakujali. Alipiga besi kwa sababu aliipenda, basi.

Bendi yake ilikuwa Super Kapiti. Mwenye bendi alikuwa Maundu, fundi wa magari na mpiga solo hodari, mtu mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Walipiga kwenye sehemu za nyama choma, harusi za Isinya, harambee za Kajiado, popote palipokuwa na watu na umeme. Na kwa miaka hiyo yote Nashon hakuwa na amplifaya yake mwenyewe. Alichomeka besi kwenye spika zile zile za waimbaji. Hilo ndilo lilikuwa kosa, na kila mtu aliyewahi kupiga besi anajua lingeishia wapi. Spika za sauti za watu hazikutengenezewa mzigo ule. Siku ya Boxing Day, mwaka wa elfu mbili na moja, katikati ya wimbo ambao watu walikuwa wanaufurahia kweli kweli, spika moja ilitoa mlio kama suruali inayopasuka, ikanyamaza.

Wiki iliyofuata Maundu akamwita Nashon.

"Nashon, wewe ni ndugu yangu," alianza, na mtu akianza hivyo wewe jua tu maneno matamu yameishia hapo. "Lakini besi yako imeniharibia spika. Kuna kijana anaitwa Morgan, anakaa Gataka huko Rongai. Ako na kinanda ya kisasa. Mkono ya kushoto inapiga besi, ya kulia inapiga hizo zingine zote. Sasa sikiza. Mzee Kisemei anaozesha kijana yake mwezi wa nane, huko Kajiado. Na Mzee Kisemei anafungua garden kubwa ya nyama hapa Kitengela, anatafuta bendi ya kila Jumapili. Hiyo harusi ndio mtihani. Kuja na amplifaya yako, yenye inasikika. Kama hakuna, Morgan anachukua besi na wewe utapumzika."

Kupumzika! Neno hilo lilimchoma Nashon kuliko lile la spika. Miaka yote hiyo pamoja, halafu nafasi yake ichukuliwe na mkono wa kushoto wa mtu? Bila besi angebaki yule karani wa stoo kutoka Jumatatu hadi Jumatatu. Aliona uchungu, akaona hasira, lakini hakubembeleza. Alijua besi inavyotakiwa kusikika, na alijua angeweza kuitafuta sauti hiyo.

"Nitakuja nayo," akasema.

Nashon akabeba gita lake hadi duka la Jama, karibu na soko. Jama alikuwa mchuuzi wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa kabla magoti hayajamkatalia safari, ndipo akafungua duka na mkewe Ruqia. Mbele waliuza redio, magodoro na thamosi; nyuma kulikuwa na chochote kilicholetwa na lori.

"Warya Nashon! Umekuja siku nzuri," Jama akasema, na kumvuta hadi kwenye boksi jeusi linalong'aa. Lilikuwa na taa nyekundu na za kijani zilizocheza muziki ukiwaka, na mbele limeandikwa kwa herufi za fedha kwamba lina wati elfu mbili. Wateja walisogea. Mmoja akapiga mluzi.

Nashon akaliinua kwa mkono mmoja.

"Jama, hii ni nyepesi."

"Si ndio uzuri? Mgongo haitauma."

"Wati elfu mbili, na naibeba kama mkate? Ndani wameweka nini, pamba?"

Ruqia akacheka huko nyuma ya kaunta mpaka Jama akamtupia jicho. Lakini Nashon hakuwa anafanya mzaha. Nguvu ya amplifaya za wakati ule ilikaa kwenye transfoma, donge zima la chuma na waya wa shaba, na chuma hakifichiki mkononi. Hayo maandishi ya fedha yanaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye rangi.

Macho yake yakaenda pembeni, kwenye sanduku la kahawia lililowekewa gunia juu.

"Na ile?"

"Ile? Ile ni kiti ya Ruqia," Jama akasema, na kweli aliona aibu. "Hoteli moja ya Loitokitok ilifunga, wakauza kila kitu. Hiyo ikakuja juu ya lori ya vitunguu kutoka Illasit. Wacha hiyo, utaniletea jina mbaya."

Nashon akaondoa gunia. Kitambaa kilikuwa kimechanika kwenye kona. Hakuna taa hata moja, vifungo vinne tu, na spika moja pana kama sinia la harusi. Lilinuka vitunguu vibaya sana. Akachuchumaa, akalikumbatia, akajaribu kuliinua. Mishipa ya shingo ikasimama na sanduku likapanda kidogo tu. Hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie dukani.

"Jama, shika hii gita."

"Mimi? Wallahi mimi ni mtu wa msikiti. Sipigi gita."

"Hupigi. Unavuta waya moja tu, hii nene. Kama unavuta kamba ya ndama. Vuta, achilia. Vuta, achilia."

Mtu aliyezaliwa kwenye mifugo hawezi kukataa kuvuta kamba ya ndama. Jama akalishika gita mbali na kifua, kama mtu aliyeshikishwa mtoto aliyelowa, akaanza kuvuta. Nashon akatoka nje. Akavuka barabara. Watu wakamwona karani wa saruji amesimama kwenye kibanda cha fundi viatu, ameweka kiganja kwenye mabati, amefumba macho. Wengine walimwonea huruma.

Kwanza alisikiliza boksi la taa. Ndani ya duka lilitikisa thamosi kwenye rafu; huko ng'ambo kilichofika ni tak, tak, tak, kama mtu anagonga mkebe. Akavuka tena, akahamisha waya hadi kwenye sanduku la vitunguu, akarudi ng'ambo. Ruqia akalalamika kwamba hili halisikiki, si afadhali lile lingine? Lakini kwenye kibanda, mabati yalitetemeka chini ya kiganja cha Nashon. Fundi viatu akainua kichwa, akauliza, "Kuna lori inakuja?" Nashon akazidi kwenda, akapita bucha ya kwanza, akafika bucha ya pili. Sauti ilikuwa bado naye, haipigi kelele, inamgusa tu kifuani.

Alirudi akaongeza sauti kidogo kidogo kutafuta mahali ambapo spika ingeanza kukwaruza. Akaongeza, akaongeza. Ruqia akaziba masikio. Haikukwaruza. Akafungua mgongo wa sanduku, akamulika kwa tochi, akapapasa karatasi ya spika kwa kidole: hakuna mpasuko, ila waya mmoja ulilegea, na huo angeuchomelea mwenyewe jioni.

"Umechagua ng'ombe ya sura mbaya," Jama akasema.

"Sura siendi kupiga."

Jama akamwangalia, halafu akaguna kama mtu aliyekutana na mwenzake wa sokoni. "Unajua, mimi ng'ombe nilikuwa naangalia miguu na kifua. Wale walikuwa wanaangalia pembe, hao ndio nilikuwa nawauzia mimi."

Nyumbani Jentrix alikuwa anangojea seti ya makochi. Akaletewa sanduku.

"Baba Whitney, mbona nyumba inanuka mchuzi?"

Nashon akamweleza yote, Maundu, Morgan na mkono wa kushoto. Jentrix akasikiliza, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke wa ulimi, lakini aliwahi kumwona mumewe akipiga, na alijua kile angepoteza.

"Makochi yatangoja," akasema mwishowe. "Lakini uende ukapige hiyo besi mpaka huyo Maundu ajue wewe ni nani. Usiniletee huzuni hapa kwa nyumba."

Basi mwezi wa nane ukafika, na harusi. Boma la Mzee Kisemei lilikuwa nje ya mji wa Kajiado, mahali pa wazi kabisa, upepo unatoka upande mmoja wa dunia unaenda mwingine bila kukutana na ukuta. Vumbi lilikuwa jekundu. Hema za wageni zilisimamishwa, jenereta likawashwa, na mbali kule kwenye miti mifupi wazee walikuwa wamekaa na wachoma nyama, Mzee Kisemei mwenyewe akiwa kati yao.

"Sopa!" Nashon akawasalimia vijana waliomsaidia kushusha.

"Epa!" wakajibu, wakiguna chini ya uzito.

Morgan alikuwa ameshafika na kinanda chake, kijana mtanashati wa miwani ya jua. Maundu alimleta kama akiba tu, ndivyo alivyosema. Morgan akalizunguka sanduku mara moja.

"Manze, buda, hii ni amplifaya ama ni jeneza? Na inanuka vitunguu, haki ya Mungu!"

Bendi yote ikacheka. Nashon naye akacheka, kwa sababu lilinuka kweli.

Akatafuta mahali. Hapo ndipo watu wengi huharibu kazi. Kwenye baa kuna paa la mabati na kuta za kukurudishia sauti. Kwenye uwanda hakuna, upepo unabeba kila kitu. Maundu alitaka sanduku lipandishwe juu ya kreti za soda ili lisikike. Nashon akakataa. Akaliweka chini kwenye udongo mgumu, mgongo wake karibu na ukuta wa mawe wa tangi la maji, ardhi na ukuta visaidie kuisukuma sauti mbele.

"Unaificha?" Maundu akauliza.

"Naipa mahali pa kukanyaga."

Wakaanza. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, Maundu akageuka. Yeye alisimama mbele kidogo ya sanduku, na pale karibu besi ilikuwa kama mtu anayeongea na tumbo lake.

"Ongeza! Haisikiki!"

"Inasikika. Hebu uliza huko kwa wachoma nyama."

"Nitaenda aje na niko na gita? Ongeza!"

Nashon akatikisa kichwa. Aliyajua masikio yake. Sauti aliyokuwa ameweka ilikuwa inafika mwisho wa boma. Akiongeza, ingewamezea waimbaji maneno. Maundu akakasirika, na mbele ya wageni wote akampungia Morgan mkono: ingia. Morgan akaingia na mkono wa kushoto.

Lo! Besi mbili kwenye wimbo mmoja ni wake wenza jiko moja. Hii inakwenda huku, ile inakwenda kule, mpiga ngoma hajui amfuate nani. Wageni wakaanza kurudi kwenye viti. Nashon akaondoa mikono kwenye nyuzi.

Aliumia. Nasema aliumia vibaya sana, mtu mzima amesimama mbele ya watu na gita linaning'inia kama mkoba. Angeweza kuchomoa waya na kwenda zake, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuchomoa. Akabaki amesimama pale pale kwenye sanduku lake, taya limekaza, maana alijua yeye hajakosea.

Wimbo ukafa wenyewe. Na kabla Maundu hajaanza mwingine, sauti ikasikika kutoka langoni. Vijana wa rika la bwana harusi walikuwa wanaingia, shuka nyekundu, shanga, bega kwa bega. Huko kwa Wamaasai vijana hawangojei mshereheshaji awaite, wala hawaombi ruhusa kwa bendi, wakifika, wamefika. Mmoja aliongoza juu, sauti nyembamba, na wengine wote wakamjibu kutoka chini kabisa ya kifua, ule mngurumo wa shingo kwenda mbele na kurudi.

Morgan, akitaka kuonyesha ujuzi, akabonyeza ngoma za kinanda chake kuwasindikiza. Maskini. Ngoma za mashine zinakwenda mwendo wake ule ule hata nyumba ikiungua, na wale vijana walikuwa wanakwenda kwa pumzi zao, wanachelewa wanapotaka, wanakaza wanapotaka. Baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa amepotezana na mwenzake. Mwongozaji wa wimbo akanyamaza, akageuka kuangalia bendi, na macho yake hayakuwa ya salamu.

"Zima hiyo kitu!" mama mmoja akapiga kelele kutoka hemani.

Morgan akazima. Vijana wakaanza upya. Bendi nzima ikawa imeinamisha vichwa kama wanafunzi waliofukuzwa darasani, isipokuwa Nashon. Yeye alikuwa anasikiliza mngurumo. Alisikia unapotua, akasikia unapovuta pumzi. Akapunguza sauti ya sanduku hadi karibu na mwisho, na pale mngurumo ulipotua, akaweka noti moja ya chini chini yake. Moja tu. Akangoja. Pumzi ikaja, ikatua, akaweka nyingine.

Mwongozaji akageuza kichwa. Nashon hakumkwepa. Hakuongeza wala hakupunguza. Kijana akachelewesha mstari makusudi, kumpima. Nashon akachelewa naye. Akaukaza, Nashon akakaza. Basi yule kijana akainua kidevu, akatoa sauti ya juu iliyofanya kina mama wapige vigelegele, na kundi lote likaanza kusogea, si kwa bwana harusi, ila kule kwenye tangi la maji, wakaruka mbele ya lile sanduku baya mpaka vumbi likawafunika magotini. Sauti ya sanduku ilikuwa ndogo, hata mtoto angeweza kulala mbele yake, lakini haikupasuka wala kupotea. Ilikaa chini ya sauti za watu na kuzibeba. Na Nashon, macho yamefumba nusu, mguu unagonga, alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu ujana wake.

Wachoma nyama walikuja mbio na visu mkononi kuona kuna nini. Nyuma yao wakaja wazee.

Jua lilipokuwa linaelekea vilimani na bendi inakunja waya, Mzee Kisemei akawafuata, akijifuta mafuta mikononi. Maundu akamkimbilia.

"Mzee, Super Kapiti iko tayari kwa hiyo garden yako. Umeona sisi tuko na kinanda ya kisasa..."

"Kinanda nilisikia kama redio ya jirani," Kisemei akasema. "Lakini kwa ule wimbo wa kwanza kuna kitu ilinipata huko kwa nyama, ikaingia hapa." Akajigusa kifua. "Nani alisimama na vijana wangu?"

"Huyo hapo. Huyo ni wa besi."

"Sijauliza anapiga nini. Nauliza ni nani. Ni mtoto wa nani?"

Maundu akamgeukia Nashon. Miaka tisa walikuwa wamekula sahani moja, na hakuwa amewahi kuuliza.

"Mimi ni Nashon," Nashon akajibu mwenyewe. "Wa mzee Wanjala, wa Malava."

Kisemei akampa mkono, asiuachie upesi. "Nashon wa Wanjala, Jumapili kuja kwangu Kitengela. Bendi ni yako. Wewe ndio utachagua wenye utakuja nao."

Morgan akavua miwani. Maundu aliangalia chini, gita lake la solo mkononi. Nashon angeweza kumwambia apumzike. Neno lilikuwa pale pale mdomoni, na lilikuwa tamu.

"Hawa wote ni watu wangu, Mzee," akasema. "Nitakuja na Maundu, na huyu kijana pia. Lakini besi napiga mimi."

"Ni sawa," Maundu akasema haraka, kabla Kisemei hajajibu.